Kutoka NHIF hadi SHA: Kompyuta inajuaje wewe unaweza kulipa pesa ngapi?

Tuseme unauza mboga sokoni. Huna mwajiri, huna karatasi ya mshahara, na mauzo ya Jumatatu hayafanani kabisa na ya Jumamosi. Sasa sheria inasema utoe asilimia 2.75 ya mapato ya kaya yako kwa ajili ya bima ya afya. Sawa, lakini asilimia 2.75 ya ngapi? Na hiyo hesabu ameipiga nani?

Hilo ndilo swali tunalolifungua leo. Mageuzi ya bima ya afya Kenya yamezungumziwa sana kisiasa, ila ndani yake kuna hesabu na takwimu ambazo zinamgusa moja kwa moja kila anayetegemea bima ya serikali. Ukizielewa, utajua kwa nini jirani yako anasifu na wewe unalalamika, na huenda nyote wawili mko sahihi.

Kwanza, nini kilibadilika?

NHIF ilianza mwaka 1966. Oktoba 2023 sheria mpya za afya zilitiwa saini, ikiwemo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Katikati hapo kulikuwa na kesi: Julai 2024 Mahakama Kuu iliona sheria hizo zinakwenda kinyume na katiba, kisha Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na kazi ikaendelea.

Badala ya mfuko mmoja, sasa ipo mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: unalipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na pesa zake hutoka kwenye kodi. Hapa unahitaji kusajiliwa tu. Wa pili ni SHIF, ambao ndio unaouchangia wewe, na hulipia hasa hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao huingia pale SHIF inapofika mwisho. Mfano ni saratani: katika viwango vya mwanzo, SHIF ililipa hadi shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, kisha mfuko wa tatu uliongeza 150,000.

Nani analipa zaidi, nani amepumua?

Kwa walioajiriwa, hesabu ni rahisi. NHIF ilikuwa na ngazi za malipo zilizoishia shilingi 1,700 kwa mwezi, hata kama mshahara wako ni milioni. SHIF haina kikomo cha juu. Tulinganishe:

- Mshahara wa 20,000: NHIF ilikata 750, SHIF inakata 550.
- Mshahara wa 50,000: ilikuwa 1,200, sasa ni 1,375.
- Mshahara wa 200,000: ilikuwa 1,700, sasa ni 5,500.

Angalia vizuri. Chini ya NHIF, mwenye 20,000 alikuwa anatoa asilimia 3.75 ya mshahara wake, na mwenye 200,000 anatoa asilimia 0.85. Yaani maskini ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Kwa upande huu, mageuzi yamesawazisha mambo.

Kwa aliyejiajiri, hadithi ni nyingine. Zamani alilipa 500 kila mwezi, basi. Sasa kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, jambo ambalo ni nafuu, lakini malipo yanatakiwa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hata huyo wa kiwango cha chini anahitaji 3,600 mkononi siku moja. Mtu wa boda boda anayepata pesa kidogo kidogo kila siku hana shida na 10 kwa siku; shida yake ni 3,600 leo. Ndiyo maana ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa mkopo wa kulipia bima kisha unarejesha kwa awamu.

Kompyuta inakisiaje mapato yako?

Turudi kwa muuza mboga. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuona mapato yake, mfumo unamuuliza vitu vinavyoonekana: nyumba imejengwa kwa nini, paa ni la nini, maji unatoa wapi, choo ni cha aina gani, mko wangapi nyumbani, una mifugo? Majibu hayo yanaingizwa kwenye modeli ya takwimu. Modeli kama hizi hujengwa kutokana na data ya kaya ambazo matumizi na mali zao tayari zinajulikana, kisha zinatumika kukisia kwa kaya ambazo hazijulikani.

Wazo si baya. Nchi nyingi hutumia mbinu ya aina hii kuchagua nani apate msaada. Lakini ina udhaifu wa asili, na huo hauondoki hata programu ikiandikwa kwa ustadi.

Udhaifu wa kwanza: modeli huvuta kila mtu kuelekea katikati. Kwa kuwa vidokezo haviwezi kueleza kila kitu, maskini kabisa hukisiwa kuwa na uwezo kuliko alio nao, na tajiri hukisiwa kuwa na kidogo. Hii ni tabia ya hesabu yenyewe, hakuna haja ya mtu kufanya njama.

Udhaifu wa pili: mali haisemi habari za leo. Nyumba ya mawe uliyojenga ukiwa na kazi bado ni ya mawe baada ya kazi kuisha. Mjane aliyeachiwa nyumba nzuri anaonekana tajiri, ila mfukoni hana kitu.

Katika bima, kosa la aina hii lina bei yake. Ukikadiriwa juu, hutalipa zaidi tu. Unaweza kushindwa kulipa kabisa, na usipolipa SHIF haikuhudumii.

Kwa nini wasio wagonjwa ni muhimu hivi?

Chukua mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. SHA imeweka 10,650 kwa kila kikao, kutoka 9,500 za NHIF. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 1,107,600. Gawanya kwa 3,600: zinahitajika kaya 308 za kiwango cha chini, zote zikiwa na afya njema, kumlipia mgonjwa mmoja.

Sasa fikiria wenye afya wakisema, "Nitalipa nikiugua." Wanaobaki kwenye mfuko ni wagonjwa, gharama zinapanda, hospitali zinacheleweshewa malipo, nazo zinaanza kudai pesa taslimu. Ndiyo sababu idadi ya waliosajiliwa pekee haitoshi kutuambia lolote. Kusajiliwa ni jambo moja, kulipa ni jingine.

Mama mjamzito naye ameguswa. Chini ya Linda Mama alijifungua bila kuchangia chochote. Sasa mpango huo umeingizwa ndani ya SHA kwa jina la Linda Jamii: 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, ila mchango wa kaya uwe umelipwa. Kwa aliyelipa, hii ni bima pana zaidi. Kwa asiyeweza kulipa, mlango uliokuwa wazi umerudishiwa.

Wewe ufanye nini?

Piga *147# uone kama umesajiliwa. Hakikisha mwenzi na watoto wameongezwa, kwa sababu usajili wa NHIF hautoshi. Maswali ya kupima uwezo yajibu mwenyewe, usimwachie mtu akujazie harakaharaka, maana jibu moja la paa au choo linaweza kusogeza kiwango chako. Na kama kiwango ulichopewa hakifanani na maisha yako, usinyamaze: peleka malalamiko katika ofisi ya SHA iliyo karibu ukiwa bado mzima, si siku ya kulazwa.