Mbayuwayu Anayetaga Chini ya Ardhi

Watoto wa Goma, kila mwaka ifikapo Oktoba hivi anga letu hupata wageni. Mbayuwayu wa Ulaya, wenye koo la hudhurungi na tumbo jeupe, huikimbia baridi ya kwao. Aprili wanarudi.

Wanapoelekea kaskazini, ndugu yao adimu ndiyo kwanza anatoka kusini. Huyo ni mbayuwayu wa buluu. Mwili wake ni buluu iliyokolea, inayong'aa kama kitenge kipya juani, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Yeye havuki Sahara. Maisha yake yote ni ndani ya Afrika. Huzaa kwenye nyanda za juu za Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi na kusini mwa Tanzania, kisha huja Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Kongo yetu.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Hajengi juu ya mti wala chini ya paa. Anaingia ardhini! Hutafuta shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama anayekula mchwa usiku, au mgodi ulioachwa. Humo hubandika ukutani kikombe cha tope na nyasi, akakitandika manyoya, na jike akataga mayai 3 hivi.

Kwa nini basi amekuwa adimu? Chakula chake ni wadudu wadogo, naye huwadaka akiruka chini chini juu ya nyasi. Lakini watu wakiona nyasi husema, "Hapa hapana kitu," wakapanda misonobari, mikaratusi au miwa. Nyasi zikiisha, ndege hana pa kuwinda. Muhanga akitoweka, hakuna wa kumchimbia shimo.

Wapo waliolielewa jambo hili. Mwaka 2005 Tanzania iliifanya Kitulo, uwanda wa maua na nyasi anakozaa ndege huyu, kuwa hifadhi ya taifa. Nasi tuna Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Tunaisifu kwa misitu na sokwe wa milimani, lakini kule Rwindi ina nyanda pana za nyasi.

Kupanda miti ni kazi njema, wanangu. Ila kabla ya kuchimba shimo la mche, ulizeni kwanza pale pamekuwa na nini. Kama ni uwanda wa nyasi wa tangu zamani, pana wenyewe. Mche wenu utafutieni mahali pengine.