Baakisimba kwa simu: watoto wa Kampala na sherehe ya Julai 31

KAMPALA. Jumamosi, Julai 31, 2021, Buganda ilitimiza miaka 28 tangu Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II atawazwe. Mwaka wa kawaida, wiki kama hizi shule za msingi za jiji hili huwa zinarindima ngoma. Mwaka huo shule zilikuwa zimefungwa tangu Juni 7, mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, na zile siku 42 za kufungwa kwa nchi ziliisha siku moja tu kabla ya sherehe.

Hesabu na Kiingereza vilipata njia, nzuri au mbovu: redio, televisheni, karatasi za mazoezi. Ngoma iliachiwa simu ya mzazi.

Ngoma yenyewe, mara nyingi, ni Baakisimba. Msomaji wa Kiswahili hapa hahitaji mkalimani: ba- ya Kiganda ni wa- yetu, na kusimba ni kupanda. Waliupanda, yaani mgomba. Masimulizi husema Kabaka mmoja, akiwa amechangamshwa na pombe ya ndizi, aliwasifu waliopanda migomba, na ngoma ikazaliwa hapo. Kazi yote iko kiunoni na miguuni, ikifuata embuutu, ngoma kubwa, na engalabi, ile ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge.

Kuwakusanya watoto kwenye simu ya video wacheze pamoja hakufai. Sauti inayopita mtandaoni huchelewa kidogo. Katika mazungumzo hakuna anayejali. Katika ngoma, kuchelewa huko huvuruga kila kitu. Chukua amadinda, marimba ya mbao 12: wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akigonga katika pengo analoachiwa na mwenzake. Mmoja akichelewa hata kidogo, wimbo umekufa.

Njia inayofaa ni ya polepole. Mwalimu hurekodi mdundo mmoja, dakika mbili au tatu, na kuutuma kama sauti tupu bila picha. Mtoto huucheza mdundo huo kila siku mpaka mwili uuzoee, kisha mzazi humpiga video ya nusu dakika na kuirudisha. Hapa wazazi wengi hukosea: hupiga uso unaotabasamu, nyayo zikabaki nje ya picha. Simu iwekwe chini, juu ya kigoda, na mtoto arudi nyuma hatua nne. Na kama ndani ya nyumba kuna jajja, kama bibi anavyoitwa hapa, apewe yeye kazi ya kusahihisha kiuno. Jeribika tupu hutosha kwa ngoma, mradi jirani wa chumba cha pili ni mvumilivu.

Kutuma sauti badala ya video si suala la ufundi tu. Tangu Julai 1, 2021, bando la intaneti lilianza kutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Kwa mama anayeuza nyanya Kalerwe, video nne za mwalimu ni fedha za mboga.

Kuna atakayeuliza kwa nini watu walihangaika hivyo kwa ajili ya ngoma, wakati watoto walikuwa wakisahau hata kusoma. Buganda inajua jibu lake. Mei 1966 majeshi ya serikali yalivamia ikulu ya Mengo. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, na hazikurudi hadi 1993. Wapigaji wa ikulu walitawanyika. Sehemu ya ujuzi wao ilisalia kwa sababu watu kama Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu aliyefanya kazi pia Makumbusho ya Uganda, waliendelea kuketi na wanafunzi na kuwafundisha kwa mikono yao. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2020 hakupata mtu wa kuketi naye hivyo. Alisoma wiki chache tu, Machi ikafika.

Walimu wenyewe walikuwa katika hali ngumu. Wengi wa shule binafsi walikatiwa mishahara tangu shule zilipofungwa mara ya kwanza, na wa ngoma, ambao mara nyingi huitwa kwa muhula, hawakuwa na hata wa kumdai. Kundi la watoto 30 lilikuwa video 30 za kupakua, kutazama na kujibu moja moja, na bando lilikuwa la mwalimu. Shule zilizopanga kuonyesha video hizo Julai 31 zingepaswa kuanza kwa kumlipia hilo.