Bidoni iliyotoboka inaweza kuwa kasha la kompyuta



Vijana wengi wametuuliza juu ya kompyuta za mtumba zinazofika bila kasha, au ambazo kasha lake lilipondeka njiani juu ya lori. Vyombo vya ndani mara nyingi vingali vizima. Mwenye kompyuta huvitandaza juu ya meza, huunganisha nyaya, na kweli inawaka. Basi anaiacha hivyo hivyo, uchi, katika nyumba yenye watoto watatu na bati linalovuja.

Karatasi hii inaeleza namna ya kuitengenezea kasha nyumbani, bila kununua vitu vingi. Tafadhali isome yote kabla ya kushika kisu, hasa sehemu ya umeme.

KASHA LINA KAZI GANI?

Wengi hudhani kasha ni la kupendezesha tu. Sivyo. Kwanza linazuia mkono wa mtu usifike penye umeme. Pili linazuia kitu cha chuma, kama sindano, kijiko au skrubu iliyoanguka, kisiguse kadi mama. Kadi mama ni lile bamba pana, mara nyingi la kijani, linalobeba vyombo vyote. Wengine huliita ubao mama. Msumari mmoja ukilala juu yake wakati umeme unapita, kadi inaweza kuungua mara moja, na hapa hutapata nyingine kwa urahisi. Tena kasha linaongoza upepo: hewa baridi inaingia upande mmoja, hewa ya moto inatoka upande mwingine. Kompyuta iliyotandazwa mezani hupata hewa, lakini wakati wa kiangazi hupata pia vumbi lote la njia.

WENGINE WAMEKWISHA KUFANYA

Jambo hili halikuzuka kichwani mwetu. Mwaka 2011, wanafunzi wa ufundi mjini Paris, Ufaransa, walikusanya vyombo vya kompyuta zilizotupwa wakavifunga ndani ya bidoni ya lita 20. Kompyuta hiyo waliiita Jerry. Ufundi huo haukubaki Ulaya. Vijana wa Abidjan huko Côte d'Ivoire, na wa Lomé huko Togo, waliuchukua wakaufanya wao, kwa sababu kwao bidoni zimejaa kila kona na kompyuta mbovu vilevile.

Jina lenyewe lina historia. Bidoni ya namna hii ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa kubebea mafuta ya jeshi, nayo ilikuwa ya chuma. Waingereza, ambao waliwapachika Wajerumani jina la utani Jerry, wakaiita bidoni ya Jerry, na ndiyo maana ndugu zetu wa Kenya na Uganda husema jerikani mpaka leo.

BIDONI IPI?

Hapa tunasema wazi: usikate bidoni ya maji. UNHCR imeweka lengo la lita 20 za maji kwa kila mtu kwa siku. Bidoni moja ni maji ya mtu mmoja kwa siku moja. Mama akikosa chombo kisimani kwa sababu kijana wake amekikata, kompyuta hiyo itakuwa imeanza vibaya. Tafuta ile iliyotoboka chini au iliyopasuka shingo, ambayo haishiki maji tena. Kwetu sisi tundu halidhuru, tutaongeza mengine.

Chukua iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, tia majivu ukiwa nayo, tikisa, mwaga, rudia, kisha ianike siku nzima. Iliyokuwa na petroli au dawa ya mimea usiiguse kabisa. Mvuke wa petroli hubaki ndani hata kama bidoni inaonekana kavu, na kisu cha moto kitauwasha.

Sasa pima kadi mama kwa rula. Tangu 1995 kadi nyingi hufuata vipimo vilivyowekwa na kampuni ya Intel. Kubwa ni sentimita 30.5 kwa 24.4. Hiyo haitaingia vizuri katika bidoni ya lita 20, usihangaike nayo. Ya kati ni 24.4 kwa 24.4; huingia katika bidoni nyingine, na katika nyingine hukwama, kwa kuwa hazilingani unene. Ndogo ni 17 kwa 17, nayo huingia bila taabu. Kata karatasi ngumu yenye ukubwa wa kadi yako uipime kwa nje kwanza.

Kama kadi yako ni kubwa, nenda kwa seremala umwombe sanduku la mbao. Na kwa kweli, ukiwa na mbao kavu na fundi mzuri, sanduku la mbao ni bora kuliko bidoni: skrubu inashika, pembe ni sawa. Lakini mbao ni fedha, na kuni zenyewe tunajua tunavyozitafuta. Bidoni mbovu ni bure. Tena ina mkono wa kuibebea, na jioni unaingia nayo ndani ukalala nayo karibu.

KUKATA NA KUFUNGA

Chora mlango juu ya ubavu mpana wa bidoni, ukiacha sentimita mbili au tatu kila upande ili isilegee. Kata pande tatu, na upande wa nne uache. Msumeno wa kukatia chuma ni bora kuliko kisu cha moto. Ukilazimika kutumia moto, fanya nje, mbali na watoto, usivute ule moshi. Plastiki hiyo hukunjika bila kuvunjika kwa muda, lakini mlango ukifunguliwa mara nyingi utapasuka kwenye mkunjo. Afadhali kuusaidia kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kilichofungwa kwa bolti ndogo kama bawaba. Usipoteze gundi. Gundi za kawaida hazishiki plastiki hii hata kidogo, zinabanduka kama ganda la ndizi. Tumia bolti, au toboa matundu ushone kwa waya.

Kadi mama haifungwi moja kwa moja juu ya plastiki, kwa sababu plastiki hupinda, nayo kadi ikipinda inapasuka ndani pasipoonekana. Chukua kipande cha plaiwudi kavu, weka kadi juu yake, tia alama ya penseli katika kila tundu la skrubu. Kisha kata bomba la kalamu ya biki vipande vya nusu sentimita hivi, vyote urefu mmoja. Kila skrubu ipite katika tundu la kadi, ipite katika kipande cha bomba, ndipo iingie katika plaiwudi. Hivyo kadi itasimama juu bila kugusa kitu. Ukiigeuza utaona sababu: chini yake kuna nukta nyingi za risasi zinazong'aa, na kila moja inapitisha umeme.

Diski kuu ifunge kwa skrubu upande mwingine wa plaiwudi, isicheze. Haitaki kutikiswa ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo usiibebe bidoni kabla ya kuizima kabisa.

Toboa matundu mengi madogo chini ya ubavu mmoja, na mengine juu ya ubavu wa pili. Hewa ya moto hupanda, hivyo tundu la feni ya kutolea hewa liwe juu. Ndani ya matundu weka kipande cha neti kuzuia mende na panya, wanaopenda sana joto la kompyuta. Neti hiyo itoke katika chandarua kilichochakaa, si kile mnachokilalia. Safisha vumbi lake kila wiki.

UMEME

Sanduku la umeme ni lile boksi la chuma lenye feni, ambalo waya wa ukutani huingia. Usilifungue kamwe, hata kama plagi imeng'olewa. Ndani yake kuna vyombo vinavyohifadhi umeme wa volti zaidi ya 300, na vinaweza kukaa navyo baada ya kuzimwa. Likiwa bovu, tafuta jingine.

Lifunge chini ya bidoni, feni yake ikitazama nje kwenye tundu ulilolikata sawasawa na upana wake. Lisiguse plastiki bila nafasi ya hewa; weka kipande cha bati au plaiwudi katikati. Kama nyuma yake kuna swichi ndogo iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230, maana umeme wa Burundi ni volti 220.

Plagi ina njia ya tatu, ya ardhini. Wengine huikata au kuziba ili iingie katika soketi ya kienyeji. Msifanye hivyo. Katika kasha la chuma njia hiyo hulinda kasha zima. Katika bidoni bado hulinda boksi la umeme ambalo mkono wako utaligusa.

Swichi ya kuwashia ni rahisi. Kwenye kadi mama kuna vijiti viwili vidogo, mara nyingi vimeandikwa PWR. Vikigusana mara moja, kompyuta inawaka. Ukiwa na kitufe cha kasha la zamani, kitumie. Usipokuwa nacho, kitufe cha kengele ya mlango kinafaa, mradi kikibonyezwa kirudi chenyewe.

Jambo moja ambalo majirani watakulalamikia: kasha la chuma huzuia mawimbi ya kompyuta yasitoke, bidoni haizuii. Redio iliyo karibu inaweza kukoroma, hasa mawimbi mafupi. Isogeze hatua kadhaa kabla ya taarifa ya habari.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tikisa bidoni taratibu usikilize. Ukisikia kitu kinagonga ndani, kuna skrubu imeanguka, itoe. Iweke juu ya meza au tofali, mbali na maji. Washa, kaa nayo saa moja, usiondoke. Gusa ubavu wa juu kila baada ya dakika chache. Joto kidogo ni kawaida. Plastiki ikianza kulainika, au ukisikia harufu ya kuungua, ng'oa plagi kwanza, subiri ipoe, ndipo ufungue mlango.