Mzee, nambari yako ya siri iko kwa nani?

Ikiwa umepita umri wa miaka 55 hivi, hebu jiulize swali hili kabla ya kufungua ukurasa mwingine: ni nani, mbali na wewe mwenyewe, anayeijua nambari yako ya siri ya M-Pesa? Ukijibu kwamba ni mjukuu wako, au kijana wa dukani anayekusaidia kutoa pesa, basi makala haya yanakuhusu. Na ikiwa wewe ndiwe huyo mjukuu, usiyapite.

Aghalabu mambo haya huanza kwa nia njema. M-Pesa ilipoanzishwa nchini mnamo Machi 2007, wazee wengi walikuwa na zile simu ndogo za mulika mwizi, na macho yao hayakuyaona vyema maandishi yake. Akaitwa mtoto. Mtoto akabonyeza, akauliza nambari ya siri, akatajiwa mbele ya wageni. Tangu siku hiyo akawa ndiye mweka hazina wa boma. Kisha yakaja ya serikali. Mtandao wa eCitizen ulianza 2014, na leo hakuna anayeomba pasipoti wala kuwasilisha ritani za ushuru kabla ya Juni 30 bila kupitia mitandaoni.

Hapo ndipo alipoingia kijana wa saiba. Ndiye aliyekufungulia barua pepe, ndiye aliyechagua neno la siri, na ndiye anayelikumbuka. Juni ikifika unamtafuta. Ukiambiwa amehamia Mombasa, umekwama. Hapana shaka wengi wa vijana hawa ni waaminifu, na bila wao wazee wengi wangetozwa ile faini ya angalau Sh2,000 kwa kuchelewa. Lakini kitambulisho chako, PIN yako ya ushuru na barua pepe yako vikiwa mikononi mwa mtu mmoja, huyo anaweza kujifanya wewe pahali pengi.

Sikwambii ukatae msaada. Nakwambia ubadilishe namna ya kusaidiwa. Mwambie mjukuu aketi kando yako, mikono yake akiwa ameikunja, akueleze kwa mdomo huku wewe ukibonyeza. Utakawia, naye atahema kwa kukosa subira. Mwache aheme. Ulimfundisha kufunga kamba za viatu na hukuhema.

Kama ni kompyuta, kinachowasumbua wengi mwanzoni ni puku, kile kidude kinachoshikwa kwa kiganja ili kuongoza mshale kwenye skrini. Mkono hutetemeka, mshale hukimbia. Dawa yake inachekesha: cheza karata. Programu ya Windows 3.0 ilipotoka mwaka wa 1990 ilikuja na mchezo wa karata uitwao Solitaire, na ingawa wakubwa wa ofisi waliuona kuwa wa wavivu, uliwazoesha watu kushika kitu kwa puku, kukivuta na kukiachilia. Nusu saa kwa siku, wiki mbili, na mkono utatulia. Nayo maandishi yakiwa madogo, shikilia kitufe cha Ctrl kisha ubonyeze alama ya kujumlisha. Ukurasa wa mtandao utakua. Kwenye simu, ingia katika mipangilio utafute ukubwa wa maandishi. Mzee anayesoma mwenyewe ujumbe wake hahitaji kumwita mtu.

Sasa tuje kwa neno la siri. Wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa, nao umeandikwa kwenye kitambulisho ambacho wamekitoa nakala mara mia. Kwa barua pepe na eCitizen, chagua maneno matatu au manne yasiyohusiana, mathalani sufuria, daraja, mbuni na kofia, uyaunganishe na nambari isiyo ya mwaka wako. Wapo watakaokukataza kuyaandika popote. Mimi naona daftari lililofungiwa sandukuni nyumbani ni salama kuliko kichwa cha kijana wa saiba, kwani mwizi aliye mtandaoni hawezi kulifungua sanduku lako. Nambari ya M-Pesa pekee ndiyo usiiandike. Nawe ukiwa saiba, usiondoke kabla ya kubofya mahali pa kutoka kwenye akaunti. Kufunga ukurasa tu hakutoshi.

Jifunze pia kusoma anwani. Tovuti za serikali ya Kenya huishia kwa go.ke, kama vile ecitizen.go.ke. Ukiletewa anwani yenye neno serikali au ruzuku lakini mwisho wake ni mwingine, usijaze chochote. Na tangu 2023 malipo ya huduma za serikali kupitia eCitizen yamekusanywa chini ya nambari moja ya malipo, 222222. Anayekutaka utume ada ya pasipoti kwa nambari yake ya simu anakuibia.

Wezi wenyewe hawana haja ya kujua kompyuta. Hupiga simu. Wakenya wamezoea kutania kwamba wanaopiga wako Kamiti, lakini mzaha huo huisha akiba ya mtu inapokwenda. Ukipigiwa na anayedai kuwa wa Safaricom, tazama nambari: kampuni hiyo imekuwa ikiwatangazia wateja kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Hata hivyo, hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza nambari ya siri.

Hila nyingine ni ya pesa zilizotumwa "kimakosa". Unapata ujumbe, kisha mtu analia simuni kwamba ni karo ya mtoto, umrudishie upesi. Usirudishe mwenyewe. Kwanza piga *334# utazame salio, maana ujumbe unaweza kuwa wa bandia. Ikiwa pesa kweli zimeingia, mwambie autume ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, kampuni izirudishe. Ukimrudishia kwa mkono wako, naye akaomba zirudishwe na kampuni, utakuwa umelipa mara mbili.

Kwenye WhatsApp kuna tarakimu sita. Rafiki wa chama anakuandikia: nimekutumia nambari kwa bahati mbaya, nirudishie. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako, na huyo rafiki pengine ameshanyang'anywa yake. Ukizitoa, kabla ya jioni jamaa zako wote wataombwa pesa kwa jina lako. Mwambie mjukuu, yule wa mikono iliyokunjwa, akuongoze uweke uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya akaunti.

Laini yako ikizima ghafla mahali ambapo wengine wana mtandao, usingoje kesho. Huenda mtu ameisajili upya kwenye kadi nyingine. Azima simu, piga kwa kampuni yako, waifunge. Wateja wa Safaricom wanaweza kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#. Nambari za matapeli nazo hutumwa bila malipo kwa 333. Ukiwa umeshaibiwa, nenda kituo cha polisi uandikiwe nambari ya OB, kwani wizi huu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Wazee wengi hunyamaza kwa aibu, wakiogopa watoto watawapokonya simu. Enyi watoto, msiwapokonye.

Limesalia moja la kufanya leo, mkiwa mezani. Siku hizi mashine huweza kuiga sauti ya mtu, na kilio cha mwanao simuni si lazima kiwe chake. Kubalianeni juu ya swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote, labda jina la ng'ombe wa kwanza wa babu. Simu ya dharura ikija, uliza jina la ng'ombe huyo. Mpigaji akikasirika au akikata, mpigie mwanao kwa nambari yake uliyo nayo tangu zamani, umjulie hali.