Maua ya Rangi ya Mkungu

Jua la kaskazi likishika barabara, mikungu ya Mombasa hufanya jambo ambalo miembe na minazi haifanyi. Majani yake mapana hugeuka manjano, kisha mekundu kama tofali lililochomwa, kisha huanguka uani moja moja, na watoto huamrishwa kushika fagio. Huko Ulaya misitu mizima hugeuka hivyo kuanzia mwezi wa Septemba, na wenyeji wamelitafutia jambo hilo mapambo yake: mashada ya maua ya bandia yenye rangi ya kahawia, ya chungwa na ya damu ya mzee, ambayo siku hizi yamefika hata katika maduka yetu.

Vitabu vya shule huyaita majira hayo vuli, ilhali vuli ya pwani ni mvua za mwisho wa mwaka, wakati kila kitu kinachipua. Walio na jamaa Omani watakumbuka kwamba kharifu ya Salalah nayo ni miezi ya ukungu na milima ya kijani. Kwetu sisi anayepukutisha majani ni mkungu, na mama niliyekwenda kumtazama wiki iliyopita katika Mji wa Kale alijifunza rangi zake kwa mti huo huo.

Ameomba nisimtaje jina. Aliyaanza maua haya akiwa edani, baada ya mumewe kufariki na kumwachia watoto wanne na cherehani moja. Miezi minne na siku kumi mjane hajitii manukato wala hajipambi, na katika nyumba ya Kiswahili hilo si jambo dogo, kwani nyumba zetu huishi kwa harufu: kikuba cha asumini kifuani, udi nguoni, rihani mtoni. Muuza asumini alipita chini ya dirisha lake kila jioni kama kawaida.

“Nikisikia sauti yake nafunga dirisha,” aliniambia. “Si kwamba nimeyachukia maua, mwanangu. Naogopa mkono usije ukajisahau.”

Siku moja bintiye wa miaka kumi na mmoja aliokota majani mekundu ya mkungu uani, akayatia katika dele la kahawa lililotoboka, akaliweka mezani ili mamake apate kitu cha kutazama. Siku ya tatu majani yakasinyaa, yakawa na rangi ya vumbi. Mtoto akalia, na mama akajua kwamba kilio kile hakikuwa cha majani.

Kitambaa alichokuwa nacho kilikuwa kanzu kuukuu ya marehemu. Hakuikata papo hapo. Mali ya maiti ni ya warithi hata ikiwa ni kanzu iliyochanika, na hapa warithi wengine ni mayatima. Alimtuma kakake kwa shekhe, nguo zote zikathaminiwa, na ile kanzu ikahesabiwa katika thumuni yake mwenyewe. Mama mkwe alipoletewa habari alisema kata, lakini shingo niachie. Tarizi ile aliidarizi yeye. Shingo ya kanzu ile iko katika sanduku lake hadi leo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wenu mtataka kuijaribu. Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Kioshwe kwa maji moto na sabuni mpaka wanga wa kiwandani utoke, kisha kichemshwe taratibu kwa saa moja katika maji yaliyotiwa shabu iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi. Rangi zinatoka jikoni. Maganda makavu ya vitunguu maji, sufuria iliyojaa, yakichemka nusu saa na kuchujwa, hutoa rangi ya chungwa iliyoiva. Kitambaa kikilazwa humo usiku kucha huelekea kahawia. Majani ya chai yaliyokolezwa sana hutoa rangi ya jani lililokwisha kuanguka. Manjano ya kupikia huvutia kuliko zote, na ndiyo iliyomtia hasarani: shada lake la kwanza la kuuza liliwekwa na mnunuzi karibu na dirisha, na kabla ya mwezi kwisha jua lilikuwa limeila rangi yote. Alilitengeneza upya bila malipo. Tangu siku hiyo manjano huitia katika maua ya ndani ndani tu, na humwambia mteja waziwazi.

Kitambaa kikikauka kivulini huchovywa katika uji mwepesi wa wanga wa muhogo na kupigwa pasi kikiwa bado na unyevu, mpaka kikakamae kama karatasi nene. Hapo hukatwa kwa hanamu, wala si kufuata uzi, ili kingo zisifumuke na petali likubali kupinda. Ua moja lina petali tatu ndogo za ndani na tano za nje zenye upana wa vidole vinne. Kila moja hukandamizwa kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto, juu ya mto mdogo, nalo hujikunja kama kiganja. Hukunjwa chini, hufungwa kwa uzi kuzunguka waya mwembamba, na waya huviringishwa juu ya uchelewa wa mnazi ambao ndio shina. Majani huyakata kwa umbo la jani la mkungu, mapana juu na membamba chini, na mshipa wa katikati hutokana na kulikunja jani mara moja na kulipiga pasi.

Eda ilipokwisha, jambo la kwanza alilolibadilisha ni kiini cha ua. Zamani kilikuwa fundo la uzi. Sasa ni karafuu tatu.

Chombo hukitia changarawe chini, kwa sababu kusi ikivuma shada jepesi huanguka, na juu yake hushindilia makumbi ya nazi ambayo hushika mashina vizuri kuliko sponji ya dukani. Urefu wa shada ni mara moja na nusu ya chombo. Maua huyapanga kwa witri, matatu, matano au saba, hayo marefu nyuma. Mwenye nyumba ya mawe yenye zidaka akumbuke kwamba kidaka hakina kina. Shada lake litengenezwe upande mmoja, mgongo uwe bapa.

Nimesikia akina mama wakiuliza kama kuiga maua si kuchora sanamu. Ibn Abbas, Allah amridhie, aliulizwa jambo la namna hiyo na mtu aliyekula kwa kazi ya mikono yake, mtengenezaji wa sanamu. Alimtahadharisha, kisha akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho, na kauli hiyo imepokewa katika Bukhari na Muslim. Linalonitia wasiwasi mimi ni israfu. Nimeona sebule zenye mashada tisa ya plastiki, yote yamenunuliwa kabla ya Idi kwa mkopo wa dukani, na vumbi juu yake lingetosha kupandia mchicha. Mtoto mwenye pumu hapumziki katika chumba kama hicho.

Maua ya mama huyu ni ghali kuliko ya plastiki, nami sitaficha hilo. Ua moja humchukua karibu saa nzima, na wapo wanaotaka kulilipia bei ya kikombe cha kahawa. Mteja mmoja alichukua mashada sita ya ukumbi wa harusi, akarudisha manne yakiwa yamelowa, na malipo bado ni ahadi. Sasa hutaka nusu ya fedha mbele, na ndugu zake humwona mkali. Karo ya muhula huu ameilipa mwenyewe.

Ukinunua au ukitengeneza, usiyaoshe: wanga utayeyuka na petali zitalala. Yapanguse kwa brashi laini mara moja kwa wiki. Yeye hufanya hivyo Alhamisi alasiri, kabla ya kufukiza udi wa usiku wa Ijumaa. Likipinda petali, lishikilie juu ya mvuke wa birika kwa kitambo kidogo, ulinyooshe kwa kidole.

Nilipokuwa nikiaga nilitaka kununua lile dele lililotoboka lenye maua ya kanzu. Binti, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, alijibu kabla ya mamake: hilo haliuzwi, shangazi, lakini kuna la udongo pale, na rangi ni zile zile.