Boston waliyazika magari chini, watoto wakapata nyasi

Mchana wa kiangazi katikati ya jiji la Boston, Marekani, wafanyakazi wa ofisini hukaa kwenye nyasi za Post Office Square wakila chakula chao, na mtoto akipita hapo na mzazi wake hukimbilia kwenye maji ya chemchemi. Chini ya nyasi hizo kuna maegesho ya magari 1,400 hivi, katika ghorofa saba zinazoshuka ardhini.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Katika miaka ya 1950 lilijengwa hapo jengo la zege la kuegesha magari, likajaza uwanja wote. Anayetembea kwa miguu hakuwa na chake. Miaka ya 1980 wafanyabiashara wa eneo hilo, wakiongozwa na mwekezaji wa majengo Norman Leventhal, waliungana, wakapata haki ya kulibomoa na kuyajenga upya maegesho chini ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bustani ilikuwa imefunguliwa juu yake. Ada wanayolipa wenye magari ndiyo inayoitunza, ila kuingia bustanini ni bure. Baadaye ilipewa jina la Leventhal mwenyewe.

Kwa afya ya familia hiyo ni faida kubwa: kivuli, nafasi ya kukimbia, na magari mengi kuondoka machoni. Lakini gari lililofichwa halijaacha kutoa moshi. Huko chini moshi hauna pa kwenda usipotolewa kwa feni kubwa, na hilo ni kweli Boston kama ilivyo kwenye maegesho ya chini ya majengo ya biashara ya Nairobi au Dar es Salaam, ambako familia hushuka kila Jumamosi.

Katika moshi huo hatari kubwa ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu na kuchukua nafasi ya oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu; ni rahisi kudhani ni malaria inaanza, au njaa tu. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni watu wawili au watatu wa gari moja kulalamika kwa pamoja.

Mtoto huumia upesi kwa sababu hupumua haraka kuliko mtu mzima. Halafu kuna suala la kimo: aliye kwenye kigari cha mtoto, au anayejifunza kutembea, pua yake iko karibu na bomba la moshi la gari lililoegeshwa.

Kwa hiyo ile tabia ya baba kubaki chini na watoto, injini ikiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi huku mama akimalizia manunuzi, iachwe. Kuwaacha watoto peke yao garini si suluhisho. Wapande wote juu. Injini iwashwe watu wakishakaa, mikanda imefungwa, na gari liko tayari kuondoka. Mtoto ashikwe mkono tangu mlango unapofunguliwa, maana dereva anayerudi nyuma kati ya nguzo hamwoni mtu mwenye urefu wa meta moja.

Kama hewa ni nzito, macho yanawasha na feni hazisikiki, usisubiri lifti. Mbebe mtoto, tokeni nje, kisha umwambie mlinzi. Kichwa kikiendelea kuuma au mtoto akilegea, nendeni hospitali mara moja na mweleze daktari kwamba mlikuwa kwenye maegesho ya chini na mlikaa humo kwa muda gani. Bila maelezo hayo anaweza kuanza na kipimo cha malaria.