Kabichi Katika Uwanja wa Jiji: Bustani za Leningrad Wakati wa Mzingiro

Katika majira ya joto ya mwaka 1942, kabichi zilistawi kwenye uwanja ulio mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Isaac, katikati ya jiji la Leningrad, ambalo leo linaitwa Saint Petersburg. Jiji hilo lilikuwa limezingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu tarehe 8 Septemba, 1941, na lilikuwa ndiyo kwanza limetoka katika msimu wa baridi ulioua mamia ya maelfu ya wakazi wake kwa njaa.

Reli na barabara za kuleta chakula zilikuwa zimekatwa. Ilibaki njia ya Ziwa Ladoga, kwa vyombo vya majini na, maji yalipoganda, kwa malori yaliyopita juu ya barafu. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba, 1941, mgao wa mkate ulishuka hadi gramu 250 kwa siku kwa mfanyakazi wa kiwandani, na gramu 125 kwa watumishi wa ofisini, wategemezi na watoto. Kwa kukosa mboga na matunda, wengi walionusurika waliugua kiseyeye, na jiji likalazimika kuwanywesha maji yaliyolowekwa majani ya misonobari.

Theluji ilipoyeyuka, mamlaka za jiji ziligawa ardhi ya bustani za mapumziko, viwanja vya wazi na nyua za majengo kwa familia na mahali pa kazi. Uwanja wa Mars, uliozoeleka kwa magwaride, uligeuzwa matuta. Wakati mboga zikisubiriwa kukomaa, wataalamu wa mimea walichapisha vijitabu vya kuwaelekeza wananchi mimea pori inayofaa kuliwa.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa mbegu, kwa kuwa mwenye njaa akiwa na kiazi cha kupanda ana pia kiazi cha kula. Jambo hilo lilidhihirika kando ya uwanja uleule wa kabichi, ilipo taasisi ya utafiti wa mimea iliyoongozwa na Nikolai Vavilov. Watumishi wake walilinda akiba ya mbegu za mpunga, ngano na mazao mengine, na baadhi yao walikufa kwa njaa bila kuzigusa. Vavilov mwenyewe, aliyekamatwa na serikali ya nchi yake mwaka 1940, alifariki gerezani mjini Saratov mwezi Januari, 1943.

Bustani hizo hazikuchukua nafasi ya nafaka. Mkate uliendelea kutegemea Ladoga, na ni kweli pia, ingawa ni vigumu kuitamka, kwamba vifo na uhamishaji wa watu vilikuwa vimepunguza idadi ya walaji. Kilichotoka kwenye matuta ni kabichi, karoti na bitiruti, vyakula vyenye vitamini ambazo mkate wa mgao haukuwa nazo. Wakazi walilima tena mwaka 1943, baada ya njia nyembamba ya nchi kavu kufunguliwa mwezi Januari. Mzingiro uliondolewa kabisa tarehe 27 Januari, 1944.